BANDO UNALO, MPIRA HUUONI! Hivi nani alituuzia mechi Ngara na Biharamulo?

Wewe unayesoma hapa intaneti kafe huku dakika zako zinahesabika, vumilia kidogo, leo mada inatugusa wote.

Sizungumzii nani kasajiliwa Simba wala nani katimuliwa Yanga. Nazungumzia kitu kinachotula hela vijana wa huku kwetu kila wikiendi: kuangalia mpira laivu kwenye mtandao. Unanunua bando, unakaa mkao wa kula, halafu unaangalia kiduara kinazunguka mpaka refa anapuliza filimbi ya mwisho. Ukiuliza, unajibiwa "mtandao mbovu". Basi, yameisha. Mimi nimechoka na jibu hilo, nimeamua kulichimba.

Nianze na yaliyonikuta. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa Biharamulo mjini. Saa 12:30 jioni Manchester United walikuwa wanaikaribisha Arsenal pale Old Trafford. Mimi Arsenal damu (mnisamehe wa upande wa pili). Simu ilikuwa imejaa chaji, bando lipo, na akaunti ya kuangalizia ni ya kaka yangu, ameilipia kihalali kabisa. Tangu mchana mtandao ulikuwa unasuasua, nikajipa moyo kwamba mpaka jioni utakaa sawa. Wapi! Mechi imeanza, kiduara. Nikazima simu nikawasha, kiduara. Nikatoka nje nikasimama kwenye kichuguu kama mtu anayetafuta ng'ombe aliyepotea, kiduara.

Dakika ya 20 nikasikia kelele kutoka kibanda umiza cha jirani. Leandro Trossard kaweka kambani. Nikaweka simu mfukoni, nikatoa mia tano yangu, nikajibana kwenye benchi na wenzangu. Tukashinda 1-0. Nilifurahi, lakini usiku nikawa najiuliza: inakuwaje kibanda cha mabati chenye dishi moja la kutu kinaishinda simu yangu, bando langu na akaunti ya kulipia?

KILICHOTOKEA SIKU ILE

Siku ile kulikuwa na sababu kubwa, tena ya mbali. Nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, Seacom na EASSy, zilikatika siku hiyo hiyo huko kusini, upande wa pwani ya Afrika Kusini. Nyaya hizo ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya intaneti ya Afrika Mashariki. Seacom ilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setelaiti kwa intaneti, na waliokuwa wanaingia kafe enzi hizo wanajua: unafungua ukurasa mmoja, unaenda kunywa chai, unarudi unakuta picha imefika nusu. Nyaya zilipokatika, nchi nzima ikabaki inapumulia njia chache zilizosalia.

Dishi la kibanda halikuwa na habari na hayo yote. Lenyewe linapokea picha kutoka setelaiti iliyopo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Baharini pakatike pasikatike, dishi linaangalia juu tu.

Lakini wadau tusidanganyane. Hiyo ilikuwa siku moja. Nyaya zilitengenezwa, mtandao ukarudi. Je, wikiendi nyingine zote ambazo nyaya ni nzima, mbona kiduara kipo pale pale?

KENGELE NA FOLENI YA MAKANDE

Nilisoma sekondari nikaishia kidato cha nne, kwa hiyo nitaeleza kwa mfano wa shule.

Kengele ya shule ikigongwa, wanafunzi wakiwa kumi au elfu moja wote wanaisikia, na mgongaji hatumii nguvu zaidi kwa sababu nyie ni wengi. Redio na dishi ni hivyo hivyo. Chukueni mfano wa Radio Kwizera ya pale Ngara, iliyoanza mwaka 1995 wakati wa wakimbizi. Ikitangaza habari, wakiongezeka wasikilizaji elfu hamsini zaidi, mnara wake hautoki hata jasho.

Mtandao unavyofanya kazi siku zote ni foleni ya makande. Kila mwanafunzi anakuja na sahani yake, anapakuliwa chake peke yake. Ninyi watu mia mkiangalia mechi moja kwa simu mia, picha ile ile moja inatumwa mara mia, kila mtu nakala yake. Mpishi ni mmoja, sufuria ni moja.

Sasa mpira wa laivu una ubaya wake wa ziada. Wimbo au filamu kila mtu anaangalia kwa muda wake, mwingine asubuhi, mwingine usiku wa manane mtandao ukiwa mtupu. Hata sahani ikichelewa, chakula kipo tu. Mechi ya Simba na Yanga watu wote wanaitaka dakika ile ile. Tena huwezi kuipakua mapema ukaiweka, kwa sababu bado haijachezwa! Hakuna akiba. Kwa hiyo mzigo mzito kuliko yote unakuja kwa wakati mmoja na haukubali kusubiri.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme mnara wa simu, upande unaoangalia mtaa wenu, una uwezo wa kugawa megabiti 30 kwa sekunde. Picha ya mpira inayoonekana vizuri kiasi inataka kama megabiti 1 kwa sekunde. Maana yake watu 30 wanatosha. Akija wa 31? Hiace ina konda atakayesema "imejaa", ingawa na yeye tunamjua. Mnara hauna konda. Unapokea wote, halafu wote mnabanana. Programu ya simu ikiona mambo magumu inashusha ubora wa picha, namba za jezi zinapotea, mpira unakuwa kama nukta. Ikishindwa kabisa ndo kiduara. Na hapo bado hatujawahesabu wanaotuma picha za harusi, wanaocheza gemu na wanaopiga simu kwa wapenzi wao.

GOLI LINASIKIKA KABLA HALIJAFUNGWA

Hata mtandao ukiwa mzuri kuna jambo jingine. Picha ya laivu ya mtandaoni haitiririki kama maji ya bomba, inakatwakatwa vipande vya sekunde kadhaa. Kuna mfumo ambao Apple waliuleta mwaka 2009 na ukaenea sana. Mwanzoni vipande vyake vilikuwa vya sekunde 10 kila kimoja, na simu ilikuwa inakusanya vipande kama vitatu ndo ianze kuonyesha, ili mtandao ukiyumba kidogo usikwame. Siku hizi vipande vimefupishwa, ila mtindo ni ule ule. Matokeo yake wewe wa simu unaweza kuwa nyuma ya uwanja kwa nusu dakika au zaidi. Dishi nalo huchelewa, ila ni sekunde chache tu.

Hili mdogo wangu wa kike analijua kuliko mimi. Yeye ni Simba wa kulia machozi. Tarehe 25 Mei 2025 Simba walirudiana na RS Berkane ya Morocco pale Amaan, Zanzibar, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, baada ya kufungwa 2-0 kule Berkane. Yeye aliangalia kwenye simu, nyumbani, na siku hiyo mtandao ulijitahidi kweli. Lakini goli la Joshua Mutale alilisikia kibandani kabla hajaliona. Akakaa anaangalia mpira ukiwa bado katikati ya uwanja huku anajua tayari kwamba unaenda kuingia! Mechi ikaisha 1-1, kombe wakabeba Berkane. Aliniambia maneno ambayo sijayasahau: "Kaka, hata kufurahi nafurahi wa mwisho."

Mtaniuliza kwanini hakwenda kibandani. Jamani, tuseme ukweli. Kibanda umiza ni mkombozi wetu sisi watoto wa kiume. Mama alishasema mtoto wa kike haendi kujibana na wanaume kwenye giza lile, na ukiangalia hali ya ndani, na matusi yanayoporomoshwa refa akikosea, mama ana hoja. Vivyo hivyo mlemavu asiyeweza kuruka yale mabenchi, mwanafunzi anayekatazwa kutoka usiku, mgonjwa aliyelazwa. Kwa watu hao simu ndo uwanja wao pekee. Ndo maana siwaelewi wanaosema "si uende kibandani tu, shida iko wapi". Shida ipo, ila wewe hujawahi kufungiwa mlango.

PENYE MITI HAPANA WAJENZI

Sasa tuje kwenye kinachonikera zaidi. Watu wa huku tumezoea kujiona tuko mwisho wa dunia. Kutoka Dar mpaka Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa barabara, kwa hiyo tunaamini intaneti inachoka njiani. Si kweli!

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na unasimamiwa na TTCL, unaungana na Rwanda pale Rusumo na unaungana na Burundi pale Kabanga. Rusumo na Kabanga ziko wapi? Ziko wilaya ya Ngara! Yaani njia ya kupeleka mawasiliano kwa majirani imepitishwa mlangoni kwetu.

Mkiyaangalia malori pale Nyakanazi na Lusahunga mtaelewa. Usiku na mchana yanapita na mizigo ya Kigali na Bujumbura. Sisi tunauza mahindi ya kuchoma, tunabaki na vumbi. Mkongo nao ni lori kubwa. Kupita kwake kijijini hakumaanishi unashusha mzigo kijijini. Ili ushushe, kuna watu wawe wamejenga mnara, wakauunganisha na ule mkongo kwa njia pana, wakaweka mitambo ya 4G, wakapeleka umeme. Mnara mwingine vijijini unapokea mawasiliano yake kwa mawimbi kutoka mnara mwenzake, na huyo naye kutoka kwa mwingine, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Ndoo ya mwisho inafika nusu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Serikali ina Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao kazi yake ni kupeleka minara kule ambako makampuni yanaona hakuna faida. Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 kwenye kata 713 nchini. Si jambo dogo. Mnara ukifika kijijini watu wanaacha kupanda mlimani kupiga simu. Ila wadau, mnara wa kupigia simu na mnara wa kuangalizia mechi ni vitu viwili tofauti. Ukiambiwa "kata yenu ina mawasiliano", uliza swali la pili: mawasiliano ya nini, na watu wangapi kwa wakati mmoja?

Na umeme tusiusahau. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo tulikuwa nje ya gridi ya Taifa, tunaendeshwa na majenereta ya dizeli. Leo pale Rusumo kuna mitambo ya maji ya megawati 80, inayogawana nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Hatua kubwa. Hata hivyo umeme ukikatika kidogo, mnara wenye betri zilizochoka unaaga nao. Dakika ya 80 unashangaa mechi imekata, kumbe si simu yako.

Kwa ndugu zangu wa mpakani kuna kituko kingine. Ukiwa vilima vya Kabanga au Rusumo, simu inaweza kudaka mtandao wa jirani. Burundi na Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, basi simu inajirudisha saa yenyewe, wewe unakuja kushtuka kipindi cha kwanza kimekwisha! Na ukitumia laini ya nchi jirani, programu nyingine zinakukatalia kwa sababu haki za kuonyesha mpira zinauzwa kwa nchi. Umekaa Tanzania, umekula ugali wa Tanzania, mtandao unakuhesabu uko Burundi.

HESABU YA MFUKONI

Hapa ndo naomba mtulie. Mechi na mapumziko yake ni dakika 105, bila za nyongeza. Kwa picha ya megabiti 1 kwa sekunde, mechi moja inakula karibu MB 800. Kwa picha safi ya megabiti 3, inakula zaidi ya GB 2. Kwa picha mbaya ya chini kabisa, tuseme megabiti 0.4, ni kama MB 315.

Mwaka 2021 TCRA waliweka kiwango elekezi cha bei ya MB moja kwenye mabando: kuanzia sh. 2.03 mpaka sh. 9.35. Mtakumbuka Aprili mwaka huo bei mpya za mabando zilipoanza, kelele zikawa nyingi mpaka Serikali ikazisitisha. Tuchukue namba hizo kama rula tu ya kupimia. MB 800 kwa bei ya chini kabisa ni sh. 1,624. Kwa bei ya juu ni sh. 7,480. Mechi moja hiyo!

Sasa chukua vijana 60 waliojaa kibandani kwa mia tano kila mmoja: jumla sh. 30,000, wote wameona mpira mwanzo mpaka mwisho. Vijana hao hao 60 wakikaa kila mtu na simu yake, kwa bei ya chini ni sh. 97,440, kwa bei ya juu ni sh. 448,800. Na hakuna uhakika kwamba hata mmoja ataona goli. Kwa hiyo yule mzee mwenye kibanda, tunayemcheka kwa lile benchi lake linalochoma, kitaalamu ndiye mwenye mtambo bora kuliko wote: anapokea picha mara moja, anawagawia watu 60.

NANI ALIKUUZIA DAKIKA 90?

Nimezunguka kote huko ili nifike hapa. Siku mechi ikikwama, jaribu kudai haki yako uone. Kampuni ya simu itakuambia: tulikuuzia MB, umezipata, na ulizotumia kuangalia kiduara ni zako. Mwenye programu atakuambia: tulikuuzia ruhusa ya kufungua, ulifungua. Wa umeme amekuuzia yuniti. Wa duka amekuuzia simu. Kila mmoja ametimiza kipande chake, na hakuna mwongo hata mmoja! Ila katika mlolongo wote ule hakuna aliyekuuzia dakika 90 za mpira. Wewe ndo umejiunganishia vipande mwenyewe ukadhani umenunua mechi. Kinapokatika kipande kimoja, hasara yote inaangukia upande wako.

Kwenye kibanda ni tofauti. Umeme ukikata dakika ya 30, mwenye kibanda anajua hatoki salama bila kurudisha mia tano za watu au kuwasha jenereta. Yeye kauza mechi. Hiyo ndo tofauti.

Na kwenye pengo hilo ndo wanaingia matapeli. Mtu ameona bando linaisha bila mpira, anatafuta linki za bure. Anakutana na ukurasa umeandikwa LAIVU kwa herufi nyekundu, kumbe ni gemu ya komputa imechukuliwa video, wachezaji wa katuni wanakimbia, watu maelfu wanaangalia! Nyingine inakuambia weka namba yako ya simu kwanza, halafu namba ya siri. Wadau, hakuna mechi duniani inayohitaji namba yako ya siri ya pesa. Na hata zile linki zinazoonyesha kweli ni picha ya wizi. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya sh. bilioni 225.6 kwa haki za kuonyesha Ligi Kuu. Fedha hizo ndo zinalipa mishahara kwenye klabu ndogo za mikoani. Tukiiba picha tunajiibia ligi. Lakini na mimi nasema, ukitaka watu waache mlango wa uani, mlango wa mbele ufunguke.

WAKUBWA NAO WANAANGUKA

Msidhani ni sisi tu maskini wa Kagera. Tarehe 15 Novemba 2024 Netflix, kampuni tajiri kuliko unavyofikiria, walionyesha pambano la Mike Tyson na Jake Paul. Walitangaza kwamba watu walifika milioni 65 kwa wakati mmoja. Watu Marekani kwenyewe, wenye nyaya mpaka chumbani, walilalamika kwamba picha inaganda. Foleni ya makande ilikuwa ndefu kuliko sufuria.

Lakini inawezekana. Tarehe 19 Novemba 2023, fainali ya Kombe la Dunia la kriketi kati ya India na Australia, kampuni ya Hotstar ya India iliwahudumia watu milioni 59 kwa wakati mmoja, wengi wao na simu za kawaida kama zetu. Kinachotakiwa ni kujiandaa kwa ajili ya siku ya mechi: kuweka seva karibu na watu badala ya kila picha kutoka mbali, na kuwa na picha nyepesi kwa ajili ya simu nyepesi. Kuna hata teknolojia ya 4G inayowezesha mnara kurusha picha moja kwa simu zote kwa pamoja, kama kengele ile ya shule. Simu nyingi bado hazina uwezo huo, ila inaonyesha kwamba dawa inajulikana.

MAONI YANGU

Kwa mtazamo wangu mdogo, mambo matatu yangetusogeza.

Kwanza, makampuni ya simu na wenye haki za mpira wakae meza moja, watuuzie MECHI. Bando la mechi, bei moja, dakika 90, ukikwama zaidi ya kiasi fulani unarudishiwa. Hapo ndo hasara itahama kutoka kwangu kwenda kwa mwenye uwezo wa kurekebisha. Siku wakianza kupoteza wao, utashangaa minara itakavyopona.

Pili, TCRA wamekuwa wakipima ubora wa huduma za simu na kutoa ripoti. Naomba wapime pia saa ya mechi, tena si mijini tu, waje Rusumo, Kabanga, Nyakahura na Nyakanazi, watoe majibu kwa kata. Kupima mtandao saa nne asubuhi watu wakiwa shambani ni sawa na kuhesabu abiria wa basi likiwa gereji.

Tatu, vibanda tuvitunze na tuvisafishe. Mwenye kibanda akiweka taa, akatenga mabenchi ya akina dada na familia, akakataza matusi, ataongeza wateja ambao leo hawaingii. Hata ukumbi wa kijiji ukiwekewa king'amuzi kimoja halali unaweza kufanya kazi ambayo bando mia moja haziwezi.

Na sisi wenyewe tujiongeze. Kama lazima uangalie kwenye simu, shusha ubora wa picha mwenyewe kabla mechi haijaanza, usisubiri ikwame. Funga programu nyingine zinazokula bando kimyakimya. Mkiwa ndugu watatu nyumbani, angalieni simu moja, msifungue tatu. Na redio iwe karibu, haijawahi kumwangusha mtu.

Mdogo wangu bado anaangalia kwenye simu. Siku za mechi kubwa huwa nakaa naye sasa, sauti ya redio tumeizima, mlango tumeufunga ili tusisikie kibanda. Tukilisikia goli, tulisikie letu.

Naomba kuwasilisha. Wa Ngara, wa Biharamulo na popote ulipo, mtaani kwenu hali ikoje siku ya dabi? Tupe maoni hapo chini, ila matusi hapana.